Mjadala: The Association wameonewa kuachwa nje ya Rock and Roll Hall of Fame?

Santuri Mbichi (mleta mada)

Wakuu, salaam. Najua humu wengi wetu ni watu wa rumba na zilipendwa za nyumbani, lakini wapo pia waliolelewa na vipindi vya redio vya Jumapili, vile vinavyopiga nyimbo za Kizungu za zamani mpaka jua linazama. Mada hii ni yao kwanza, ingawa mlango uko wazi.

Nazungumzia kundi la Los Angeles liitwalo The Association. Walianza 1965, vijana sita waliotoka kwenye kikundi cha watu 13 kilichoitwa The Men. Katikati ya 1966 wimbo wao Along Comes Mary ulifika namba saba Marekani. Septemba mwaka huohuo Cherish ikashika namba moja, ikakaa wiki tatu. Julai 1967 Windy ikashika namba moja wiki nne. Miezi michache baadaye Never My Love ikaishia namba mbili. Mwaka uliofuata wakatoa mkusanyiko wa nyimbo zao kali, ukanunuliwa kama njugu.

Sasa kule Cleveland, Ohio, kuna jumba la kuwaenzi wakali wa muziki huo, Rock and Roll Hall of Fame. Msanii huanza kufikiriwa ikishapita miaka 25 tangu atoe kazi yake ya kwanza. The Beach Boys waliingia 1988, The Four Seasons 1990, The Mamas & the Papas 1998, The Hollies 2010, The Zombies 2019. Wote hao ni watu wa kupanga sauti. The Association hawamo.

Msimamo wangu ni kwamba wameonewa. Jumba lile limezoea kutazama nani kashika gitaa na nani kavunja gitaa. Kazi ya watu sita kuimba kama koo moja wanaiona ni mapambo. Karibuni mnipinge.

Mtoto wa Mvita

Ngoja kwanza ndugu yangu. Cherish si ya Kool & the Gang hiyo? Ile ya harusini?

Santuri Mbichi

Jina moja, nyimbo mbali. Ya Kool & the Gang ni ya 1985, Madonna naye akatoa yake 1989. Ya hawa ni ya 1966, na aliyeiandika ni Terry Kirkman, mmoja wao mwenyewe. Itafute usikilize halafu urudi.

Chuma cha Reli

Mleta mada, nakuheshimu kwa mambo ya santuri, lakini leo umetuletea mgonjwa ambaye hajaugua. Hawa hawajaonewa. Tuwachambue.

Moja, ala. Katika rekodi zao kubwa hawakupiga wao. Kwenye Windy na Never My Love, dramu ni ya Hal Blaine na besi ni ya Joe Osborn, wanamuziki wa kukodi wa studio za Los Angeles ambao watu wamewazoea kwa jina la Wrecking Crew. Ile besi inayofungua Windy, inayokufanya utikise kichwa kabla hata mtu hajafungua mdomo, ni vidole vya Osborn.

Mbili, utunzi. Along Comes Mary ni ya Tandyn Almer. Windy ni ya Ruthann Friedman. Never My Love ni ya ndugu wawili, Donald na Richard Addrisi. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mwanachama wa kundi. Kwa hiyo katika nyimbo nne ulizozitaja, moja tu ndiyo yao.

Tatu, mlio wenyewe. Albamu ya kwanza ilisimamiwa na Curt Boettcher, ambaye kupanga sauti ndiko kulikokuwa kipaji chake. Insight Out ya 1967 ilisimamiwa na Bones Howe.

Na tazama walipoachiwa uwanja. Albamu ya pili, Renaissance, mwishoni mwa 1966, nyimbo ziliandikwa na wao wenyewe, na wakapewa nafasi zaidi ya kupiga ala zao. Ilizaa nini? Wimbo uliotangulia ukaishia namba 35. Ndipo wakarudi mbio kwa watu wa studio.

Ondoa mpiga besi, ondoa mpiga dramu, ondoa watunzi, ondoa prodyuza. Kinabaki nini kwa hawa vijana wa suti na tai? Suti.

Kipaza Sauti

😂😂 "Suti." Mkuu umeua.

Mwalimu wa Kwaya

Kinabaki sauti, ndugu Chuma. Nami nitasema kama mtu ambaye kazi yake ni kugombana na sauti ya tatu kila Alhamisi jioni.

Chukua Cherish. Usisikilize maneno ya mapenzi, sikiliza pumzi. Katikati ya wimbo kuna mstari mrefu, maneno yamesongamana, hayakupi nafasi ya kuvuta hewa mpaka sentensi iishe. Anayeongoza anaweza kuiba pumzi, hakuna atakayemjua. Walio nyuma yake hawawezi. Wanashikilia noti ndefu, na kila mmoja ana noti yake. Mmoja akikata mapema, shimo linasikika. Kisha ubeti wa mwisho wimbo unapanda juu kwa hatua nzima. Kwaya nyingi zikipanda hivyo, waimbaji wa besi hubaki chini kidogo, wimbo mzima ukapinda. Hawa wanapanda wote pamoja, na wanatua wote pamoja kwenye ule umaliziaji wa taratibu ambao kila sauti imeachwa peke yake bila dramu ya kuificha.

Hiyo ni Hal Blaine aliyefanya? Blaine alikuwa fundi, simvunjii heshima. Ila dramu haiwezi kumwimbia mtu sauti ya tatu.

Na hilo la kupangiwa sauti si aibu. Kwaya zangu zinaimba kazi za watunzi ambao hawajawahi kukanyaga kanisani kwetu. Ukisikia imeimbwa vizuri, unampongeza mtunzi, kisha unawapongeza waliosimama pale wakaiimba.

Santuri Mbichi

Ahsante Mwalimu. Mimi naongeza la ala, maana ndilo linalorudiwa kila mahali kama wimbo wa taifa.

The Byrds, Mr. Tambourine Man, 1965. Katika kibao kile, mwanachama pekee aliyepiga ala alikuwa Roger McGuinn. Waliobaki wa kundi waliimba tu au walikaa pembeni; ala nyingine ni watu walewale wa kukodi. The Byrds waliingia jumbani 1991. The Beach Boys, Pet Sounds, 1966: Brian Wilson aliijaza studio na haohao. Wamo. The Supremes wamo tangu 1988, The Temptations tangu 1989, na kule Motown, kampuni iliyowarekodi, waliopiga ni bendi ya studio, Funk Brothers. Hakuna aliyemuuliza Diana Ross wa The Supremes alipiga besi ipi.

Kituko zaidi: Hal Blaine mwenyewe aliingizwa 2000. Yaani mpiga dramu kapita mlangoni, walioimba juu ya dramu yake wamezuiliwa kwa sababu dramu haikuwa yao.

Hebu turudi nyumbani kidogo. Muhidin Maalim Gurumo alisimama mbele ya NUTA Jazz, baadaye Msondo, miaka nenda rudi. Kuna mtu aliyewahi kumpunguzia heshima kwa sababu gitaa lilikuwa mikononi mwa mwingine?

Bint Pangani

Na kwenye taarabu je? Mtunzi wa shairi ni mmoja, anayetia muziki ni mwingine, anayepanda jukwaani na kutuzwa ni wa tatu. Watu wanajua hivyo na hawaoni tatizo. Kaka Chuma, kipimo cha "umeandika mwenyewe" kilishika nguvu miaka ileile ya sitini, baada ya Bob Dylan na The Beatles. Kabla ya hapo hata Elvis Presley alikuwa akiandikiwa, naye alikuwa katika kundi la kwanza kabisa kuingia jumba hilo, 1986.

Chuma cha Reli

Sawa, sawa. La ala naliachia nusu. Nusu tu, kwa sababu The Temptations walikuwa na David Ruffin na Eddie Kendricks, sauti ambazo ukizisikia gizani unazitaja kwa jina. Gurumo hivyohivyo, silabi moja tu umeshamjua. Sasa naomba kila mtu humu, bila kufungua simu kutafuta, anitajie majina matatu ya The Association.

...

Nasubiri.

Hilo ndilo tatizo lao. Watu wanajua nyimbo, kundi hawalijui. Julai 29, 1967, unajua nani aliiondoa Windy namba moja? The Doors, Light My Fire. Kijana aliyekuwa hai mwezi ule alihama kutoka kwa vijana wenye tai kwenda kwa Jim Morrison ndani ya wiki moja. Zama zilibadilika, wao hawakubadilika.

Halafu akili ya kuchagua. Jimmy Webb aliwaandalia kazi ndefu, kwa ombi la prodyuza wao mwenyewe Bones Howe. Wakaikataa. Ndani yake kulikuwa na MacArthur Park. Richard Harris, mwigizaji wa filamu, tena mwimbaji wa kawaida tu, akaichukua 1968 ikafika namba mbili ikiwa na zaidi ya dakika saba. Kundi la kwenda jumbani haliikatai kazi kama ile.

Kipaza Sauti

Majina: Terry Kirkman (kashatajwa na mleta mada, sijadanganya), Larry Ramos, Russ Giguere. Nimepita mtihani mkuu?

Ramos ni wa kumtazama vizuri. Alizaliwa Hawaii, asili yake Mfilipino, akaingia kundini 1967 kuchukua nafasi ya Jules Alexander aliyeondoka kwenda India kujifunza tahajudi. Ramos na Giguere ndio wanaoongoza Windy. Never My Love ni Ramos na Kirkman. Mfilipino wa Hawaii anaongoza wimbo wa namba moja Marekani 1967, na watu wanasema kundi halina sura. Sura ilikuwepo, kamera ndiyo iliyokuwa kwingine.

Na kwa kamera namaanisha kamera hasa. Tamasha la Monterey, California, Juni 1967. Lile ambalo Jimi Hendrix alichoma gitaa na Otis Redding akawapagawisha Wazungu waliokuwa hawamjui. Unajua nani walifungua tamasha lile, Ijumaa tarehe 16? The Association. Walitoka na suti zao, na kabla ya Along Comes Mary wakafanya mchezo: kila mmoja anajifanya kifaa cha mashine, anatoa mlio wake na kujitambulisha kwa sauti ya kiroboti, mashine inakamilika mtu mmoja baada ya mwingine, kisha wimbo unalipuka. Ucheshi wa shule kidogo, nakubali. Lakini wimbo unapoanza, ule utiririko wa vina usio na kituo wanauimba jukwaani, na sauti zinakaa mahali pake bila prodyuza wala mkanda wa kurudia.

Filamu ya tamasha ilipotoka 1968, hawakuwemo. Hugh Masekela wa Afrika Kusini yumo, na anastahili kabisa, tarumbeta ile siichoki. Hawa waliofungua pazia wakabaki kwenye mabaki yaliyokuja kutolewa miaka mingi baadaye. Filamu ile ndiyo iliyowafundisha watu kwamba 1967 ilikuwa hivi na hivi. Asiyekuwemo akahesabika hakuwepo.

Mtoto wa Mvita

Nimerudi. Nimeisikiliza Cherish. Wallahi sikujua. Sasa nauliza kwa nia njema: hili jumba la Cleveland latuhusu nini sisi? Wakiingizwa au wasiingizwe, wimbo ni uleule.

Bint Pangani

Kaka wa Mvita, wimbo ni uleule lakini orodha ndizo zinazoamua nani atafundishwa, nani ataandikiwa kitabu, na nani kanda zake zitasafishwa upya. Hata kwetu huku, aliyebaki nje ya orodha za redio kanda yake imeoza stoo.

Santuri Mbichi

Kwa orodha, hebu niweke hii. Mwaka 1999, BMI, moja ya taasisi zinazokusanya mirabaha ya watunzi Marekani, ilitoa orodha ya nyimbo zake zilizopigwa zaidi redioni na kwenye televisheni katika karne nzima ya 20. Namba moja You've Lost That Lovin' Feelin'. Namba tatu Yesterday ya The Beatles. Katikati yao, namba mbili, Never My Love. Cherish nayo ilikuwemo, na Windy pia. Nyimbo tatu za kundi moja "lisilo na sura".

Chuma cha Reli

Ha! Nilikuwa naisubiri hiyo, maana kila mtetezi wao huileta. Mkuu, BMI inahesabu wimbo, haihesabu kundi. Never My Love iliimbwa na The 5th Dimension 1971, Blue Swede wakaipiga upya 1974 ikaingia kumi bora. Kila mara ilipopigwa yoyote kati ya hizo, hesabu ilienda kwenye mfuko mmoja wa ndugu Addrisi. Cherish nayo David Cassidy aliirekodi, ikafika namba tisa. Kwa hiyo orodha ile ni sifa ya watunzi. Usiwavishe waimbaji kanzu ya mtunzi.

Santuri Mbichi

Hesabu ni ya wimbo, kweli. Yesterday pia ina matoleo yasiyo na idadi na hakuna anayewaambia The Beatles wavue kanzu. Lakini nauliza: kwa nini wote hao waliupenda wimbo ule? Waliusikia wapi? Waliusikia kwa hawa. Toleo la Blue Swede ni la kelele na vishindo, la 5th Dimension ni la Marilyn McCoo akiwa mbele peke yake. Lililobaki redioni saa nane usiku kwa madereva wa malori ni lile la 1967, lenye sauti mbili zinazoongoza sambamba na nyingine zikiitikia kwa chini.

Na kuhusu MacArthur Park: walikuwa na haki ya kukataa. Kazi ile ingechukua upande mzima wa albamu. Mimi binafsi ule wimbo wa keki iliyoachwa kwenye mvua sijawahi kuumaliza nikiwa macho.

Mwalimu wa Kwaya

Hapo kwenye MacArthur Park tutagombana siku nyingine.

Mimi nataka kurudi kwenye "zama zilibadilika, wao hawakubadilika". Ndugu Chuma, uliwahi kugeuza ile sahani ya Never My Love? Upande wa pili kuna Requiem for the Masses, utunzi wa Kirkman. Unaanza na ngoma ya kijeshi ya mazishi, kisha kwaya kwa Kilatini, Requiem aeternam. Mkatoliki yeyote humu anayajua kwa Kiswahili: raha ya milele uwape, ee Bwana. Baadaye inakuja Kyrie eleison. Katikati ni malalamiko juu ya vijana wanaokufa, na rangi za bendera ya Marekani zinatajwa moja moja katika habari ya maiti. Mwaka ni 1967, vita vya Vietnam vimepamba moto, na walioimba ni hao vijana wa suti ambao mnasema waliimba mapenzi tu. Sahani moja: mbele wimbo wa kubembelezana, nyuma misa ya wafu. Nimejaribu kupata vijana wangu waimbe ile sehemu ya Kilatini. Besi walilia.

Na hata huo utoto mzuri wa suti ni sura tu. Along Comes Mary ilivumishwa kuwa inazungumzia bangi tangu ilipotoka. Brian Cole, mpiga besi wao jukwaani na mmoja wa wale sita wa mwanzo, alifariki Agosti 1972 kwa heroini. Lipi kati ya hayo ni la vijana wa sherehe za shule?

Kipaza Sauti

Nyongeza kwa Mwalimu: malizieni Windy mpaka mwisho kabisa, msiikate. Walikesha studio wakirekodi sauti, na kufikia ule mwisho ambapo kiitikio kinarudiwa na sauti zinapandiana, makoo yalishachoka. Bones Howe akawaingiza waliokuwepo waongeze nguvu. Ruthann Friedman mwenyewe, mtunzi, yumo mle ndani anaimba. Ndiyo maana mwisho ule unasikika kama mtaa mzima umetoka nje.

Bint Pangani

Halafu Kaka Chuma alisema tuondoe watunzi. Huyu mtunzi haondoki, kashaingia kwenye kiitikio.

Chuma cha Reli

Mmenizunguka. Lakini nawauliza wa mwisho: hawa si walishaenziwa? 2003 waliingizwa Vocal Group Hall of Fame, jumba la makundi ya kuimba. Hapo ndipo nyumbani kwao. Kwa nini mnalilia la jirani?

Santuri Mbichi

Kwa sababu The Four Seasons wana yote mawili, na The Mamas & the Papas pia. Likiwa la jirani kwa mmoja, liwe la jirani kwa wote. Kirkman alifariki Septemba 2023, Ramos 2014. Wakichelewa zaidi watamkabidhi tuzo nani?

Mtoto wa Mvita

Mie kura yangu ni ndiyo, kwa Cherish peke yake. Na Kool & the Gang harusini ibaki palepale.

Chuma cha Reli

Requiem nimeisikiliza sasa hivi, mara mbili, na spika kubwa mpaka jirani kagonga ukuta. Hiyo ni kazi ya watu wazima. Renaissance nayo nimeianza upya nione kama niliihukumu kwa namba za chati tu. Kura yangu bado ni hapana. Mwalimu, lete hiyo hoja ya MacArthur Park.